Silaha nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wamiliki wa Tabora na Kigoma

Ukurasa huu ni wa wenye leseni ya kumiliki silaha na familia zao. Maswali ni yale yanayojirudia kila tunapokaa na wamiliki, iwe Urambo wakati wa malipo ya tumbaku, iwe Kasulu, Ujiji au Sikonge. Msimamo wangu nautaja mapema: silaha ya nyumbani ikae tupu, imefungwa, na risasi zake zifungwe kwingine. Anayelala na bunduki iliyojaa pembeni ya kitanda nataka aache, na swali la 2 na la 17 nimeyaandika kwa ajili yake hasa.

## Ya msingi

1. Kuhifadhi silaha salama ni kufanya nini hasa?

Ni mambo manne. Silaha haina risasi, si kwenye chemba (tundu inapokaa risasi iliyo tayari kupigwa) wala kwenye magazini (kibebea risasi) iliyopachikwa. Imefungiwa ndani ya sefu au sanduku la chuma lililokazwa ukutani au sakafuni. Risasi zimefungiwa mahali pengine. Na ufunguo anao mwenye leseni, mwilini mwake, si juu ya fremu ya mlango ambako nyumba nzima inajua.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliolinganisha nyumba ambamo mtoto au kijana wa chini ya miaka 20 alishika silaha akajipiga au akampiga mwingine bila kukusudia, na nyumba zenye silaha ambamo hayo hayakutokea. Kuiweka silaha tupu, kuifunga, kufunga risasi, na kuziweka risasi mahali tofauti: kila moja lilionekana kwenda pamoja na hatari ndogo zaidi. Kwa hiyo kama huwezi yote leo, anza na lile unaloweza usiku huu. Kutoa risasi hakugharimu hata shilingi.

2. Jambazi akivunja mlango saa nane usiku, nitakuwa nafungua makufuli?

Swali hili lina haki yake. Anayelidharau hajawahi kulala kijiji cha ndani huko Kaliua, kituo cha polisi kikiwa mbali na pikipiki yenyewe haina mafuta. Na watu wa Kibondo na Kakonko wanaokumbuka mabasi yakisindikizwa na askari wenye bunduki hawahitaji kufundishwa hofu ni nini.

Lakini tuhesabu kwa haki. Usiku wa kuvamiwa unaweza kuja mara moja maishani, au usije kabisa. Silaha iko ndani kila siku. Ipo watoto wanaporudi shule mchana na wewe uko shambani. Ipo mpwa wako anapokuja likizo. Ipo siku ya harusi, nyumba imejaa wageni na wengine wamelewa. Ukiiweka imejaa kwa ajili ya usiku mmoja, umeiweka imejaa kwa ajili ya siku zote hizo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Nyumba zetu nyingi choo kiko nje. Anayesukuma mlango gizani anaweza kabisa kuwa mwanao anarudi chooni, au mama mkwe aliyetoka bila kukuamsha. Mtu aliyezinduka usingizini, moyo unamwenda mbio, mkono tayari uko kwenye triga, hana muda wa kuuliza "nani wewe?" Ule muda wa kufungua kufuli, unaouona kama hasara, ndio muda wa akili kurudi.

La tatu: jambazi naye anataka bunduki. Kijijini kila mtu anajua nani anayo. Silaha ikiwa chini ya mto, mwizi anahitaji kusubiri tu utoke kwenda gulioni.

Basi muda unaupataje? Unaununua mlangoni. Mlango imara wenye komeo la ndani na nondo madirishani. Taa ya sola inayowaka nje usiku kucha. Mbwa. Filimbi kando ya kitanda. Namba ya polisi kata na ya majirani wanne, na namba ya dharura ya polisi, 112. Unyamwezini na Usukumani mwano (ukelele wa kuomba msaada) ukipigwa watu wanatoka. Utamaduni wa sungusungu ulienea huku tangu miaka ya 1980 kwa sababu watu walijua mtu mmoja na silaha yake hatoshi. Kigoma piga nduru, jambo ni lile lile. Vitu hivi vinamchelewesha mvamizi akiwa bado nje, na wewe unapata nafasi ya kufikia sanduku kama ikibidi.

Halafu fanya mazoezi. Silaha ikiwa tupu kabisa, taa zimezimwa, fungua sanduku lako mara kadhaa. Wengi hugundua kwamba shida yao haikuwa kufuli, ilikuwa ufunguo usiojulikana ulipo.

3. Mbona Marekani watu wanalala na bastola iliyojaa?

Wengine hulala nayo hivyo, wengine hawalali. Kule haki ya kumiliki silaha imo ndani ya katiba. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitengua sheria ya mji wa Washington iliyotaka silaha nyumbani ikae tupu na ifunguliwe vipande au ifungwe triga. Video nyingi unazotumiwa kwenye simu zinatoka kwenye mazingira hayo.

Mahakama ile iliamua juu ya haki ya mwenye nyumba. Haikupima hatari. Waliopima hatari ni watafiti wa huko huko: utafiti wa 1993 uliofanywa katika kaunti tatu ulikuta kwamba nyumba yenye silaha ilihusishwa na hatari ya mtu kuuawa nyumbani humo mara 2.7 zaidi, na wauaji wengi walikuwa ndugu au watu wanaofahamiana na marehemu. Sisi leseni yetu ni kibali cha serikali chenye masharti, kinachoweza kufutwa. Tusichukue mazoea ya watu tukaacha vilio vyao.

4. Si ina kitufe cha usalama? Nikikifunga haitoshi?

Haitoshi. Sefti ni kipande cha chuma kinachochakaa, na mtoto anayejua kuwasha tochi anaweza kukisukuma. Zaidi ya hapo, zipo silaha zisizo nacho kabisa. Wengine hutoa magazini wakaamini bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki chembani. Hiyo moja inatosha. Utaratibu wa kutoa risasi uko kwenye swali la 9.

## Watoto, mwenzi na wageni

5. Wanangu nimewafundisha wasiiguse, na wananiogopa. Bado nifunge?

Funga. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika Georgia, Marekani. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa kwa makundi 29 katika chumba chenye droo, na ndani ya droo moja kulikuwa na bastola halisi isiyoweza kudhuru. Makundi 21 yaliikuta. Kati ya hayo, 16 yaliishika, na katika makundi 10 kuna mtoto aliyevuta triga. Kilichoniuma zaidi ni hiki: zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta triga walikuwa wamewahi kufundishwa usalama wa silaha.

Watoto hao hawakuwa watukutu. Ni watoto. Mwanao akikuogopa, atakachojifunza ni kusubiri utoke. Wafundishe, ndiyo: wakiona silaha popote wasiguse, waondoke, wamwambie mtu mzima. Wafundishe hivyo kwa sababu watatembelea nyumba ambazo si zako. Nyumbani kwako kufuli lifanye kazi yake.

6. Nimeificha vizuri. Hakuna anayejua ilipo.

Wanajua. Chini ya godoro, juu ya kabati, darini, ndani ya kihenge, kwenye gunia la mpunga, nyuma ya sanduku la nguo za harusi: anayefagia na kutandika ameshapita hapo kote, na mtoto amepanda kila mahali alipokatazwa. Nimesikia pia wanaoweka kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, wakati halitumiki. Siku moto utakapowashwa, risasi zikiwa humo, sitaki hata kufikiria.

7. Mke wangu ajue ufunguo ulipo?

Ajue kwamba silaha ipo, imefungwa, na sanduku liko wapi. Ajue pia namba za kupiga na nini cha kufanya wewe usipokuwepo. Ndoa yenye silaha ya siri ina tatizo jingine kabla ya lile la usalama.

Ufunguo ni suala la leseni. Leseni ina jina la mtu mmoja, na huyo ndiye anayejibu mbele ya polisi. Kama mama wa nyumba ndiye anayebaki peke yake mara nyingi na mnaona anahitaji silaha, aombe leseni yake, afundishwe, achunguzwe kama wewe ulivyochunguzwa. Ni vivyo hivyo mwenye leseni akiwa ni mke na anayeuliza ni mume.

8. Sina pesa ya sefu. Naishi chumba na sebule.

Fundi wa kuchomelea vyuma, Tabora mjini au Mwanga pale Kigoma, anaweza kukutengenezea sanduku la bati nene lenye bawaba za ndani na pingu mbili za kufuli. Mwambie atoboe matundu nyuma ulikaze kwa bolti ukutani. Nyumba ikiwa ya tofali za udongo ambazo bolti hazishiki, lizikwe nusu kwenye sakafu ya zege. Sanduku lisilokazwa ni mzigo uliofungashwa tayari kwa ajili ya mwizi.

Risasi ziwekee kisanduku kidogo chenye kufuli tofauti na ufunguo tofauti. Fundi usimwambie ni la nini; sema la nyaraka. Na mpangaji mwenzio asiwepo siku unalileta.

Kabla hujapata sanduku, pitisha mnyororo kwenye kikinga triga na uufunge kwa kufuli kwenye kitu kisichobebeka. Hilo halizuii mwizi mwenye msumeno, ila linamzuia mtoto. Risasi zikae kwingine kama kawaida.

## Kutoa risasi na kutunza

9. Nikirudi nyumbani na silaha, nianze na nini?

Anza kabla hujaingia ndani. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitaumiza mtu, kama kwenye kichuguu au rundo la mchanga, na si juu: risasi iliyopigwa juu hurudi chini, na bati halizuii. Kidole kiwe nje ya triga. Toa magazini kwanza. Kisha vuta koki, kile kipande kinachorudishwa nyuma kufungua chemba, mpaka mwisho ili risasi ya chembani itoke, uifuate kwa macho ilipoangukia. Angalia ndani ya chemba kwa macho, halafu gusa kwa kidole, maana gizani macho hudanganya. Hesabu risasi zako.

Mpangilio huo usiugeuze. Ukivuta koki magazini ikiwa bado imo, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine, nawe unaamini silaha ni tupu. Shotigani ya kukunja ni rahisi zaidi, unaikunja unaona mashimo yote. Wageni na mazungumzo vingoje mpaka umalize.

10. Pembeni ya ziwa silaha inaota kutu ndani ya sanduku. Nifanyeje?

Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya silaha, usiifunge kwenye nailoni wala kwenye ala ya ngozi, maana zote hushika unyevu. Masika ifungue mara kwa mara uikague. Kila unapokagua, chemba kwanza, kama kwenye swali la 9, hata kama una uhakika ni tupu.

11. Na gobole?

Gobole ndilo linalonipa wasiwasi kuliko silaha zote za huku. Halina magazini ya kutoa. Baruti na vyuma vikishashindiliwa mdomoni, limejaa, na kwa nje huwezi kujua. Mtu analishindilia jioni kwa ajili ya nguruwe pori wanaokula mihogo, nguruwe hawaji, analiegemeza ukutani. Mwezi unapita. Aliyelishindilia amesahau au amesafiri. Kijana analishika akidhani ni bomba.

Kwa hiyo gobole lenye leseni lisishindiliwe nyumbani kabisa, na kifaa cha kuwashia kisikae juu yake. Baruti ikae kwenye chombo kisicho cha chuma, mbali na jiko, koroboi na sigara, imefungwa. Ukikuta lililojaa, usijaribu kulichokonoa kwa fimbo au waya. Liache lilipo, ondoa watu, mwite polisi kata. Kama halina leseni, soma swali la 15.

## Sheria

12. Nikimpiga risasi mwizi ndani ya nyumba yangu, nina kosa?

Inategemea. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujitetea na kutetea mwingine au mali, lakini kifungu cha 18B kinataka nguvu isizidi kile kinachohitajika kwa hali ile. Aliyesababisha kifo kwa nguvu iliyopitiliza ana hatia ya kuua bila kukusudia, na kosa hilo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mwizi anayekimbia na kuku hajakuwekea kisu shingoni. Kumpiga risasi mgongoni kutakupeleka mahakamani, na hata ukishinda utakuwa umemuua mtu kwa ajili ya kuku.

13. Naweza kumwachia mdogo wangu au mlinzi nikisafiri?

Hapana. Leseni haiazimishwi. Ukiondoka kwa siku nyingi, nenda kituo cha polisi cha eneo lako, ukiwa na leseni, uombe silaha ihifadhiwe kwenye ghala lao, na uondoke na karatasi ya mapokezi. Mlinzi anayehitaji silaha huja nayo kupitia kampuni yake.

14. Imeibwa, au baba amefariki akaacha bunduki. Hatua gani?

Ikiibwa, toa taarifa kituoni siku hiyo hiyo, ukiwa na namba ya silaha. Namba hiyo iandike sasa, mahali pengine mbali na silaha yenyewe. Ukichelewa na ikatumika kwenye uhalifu, maswali yatakuja kwako.

Mwenye leseni akifariki, leseni haimfuati mtoto wa kwanza. Usisubiri arobaini. Toeni taarifa polisi, silaha ikabidhiwe, na mrithi anayeitaka aanze maombi yake tangu ngazi ya kijiji au mtaa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ukoo usigombanie bunduki msibani.

15. Kuna silaha isiyo na kibali nyumbani. Naogopa kuipeleka.

Hofu hiyo naielewa, hasa mikoa hii inayopakana na vita vya miaka mingi ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na miaka ya karibuni Jeshi la Polisi la Tanzania limetangaza vipindi vya msamaha ambamo anayesalimisha kwa hiari hashtakiwi. Sikiliza redio za mkoa, uliza kwa mtendaji.

Usiibebe barabarani kwa siri. Ukisimamishwa njiani hutaeleweka. Mwambie kwanza mtendaji wa kijiji, kiongozi wa dini unayemwamini au polisi kata, waje nayo au wakusindikize.

## Hali ngumu

16. Mtu wa nyumbani amebadilika. Hali, halali, anasema maisha hayana maana.

Silaha itoke nyumbani leo. Si kesho, na si kubadilisha mahali pa kuificha. Ipelekwe polisi kama kwenye swali la 13. Kama mwenye leseni ndiye huyo mwenye huzuni, ndugu wamwombe kwa upendo, na akikataa wamweleze mkuu wa kituo.

Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu saa ya hatari mara nyingi hupita, ila silaha haimpi mtu nafasi ya kuivuka. Utafiti wa California uliochapishwa 2020, uliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni 26, ulikuta wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi takriban mara nane zaidi ya wasio nazo. Baada ya kuitoa, kaa naye, msikilize, msimwache peke yake, na mumpeleke kwa daktari: Kitete kwa Tabora, Maweni kwa Kigoma, au kituo cha afya kilicho karibu. Kumuuliza wazi kama anafikiria kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo. Ulevi uliozidi na ugomvi wa ndoa unaofika kwenye mikono navyo vinataka silaha itoke vivyo hivyo.

17. Nimesoma yote, bado nataka iwe karibu usiku. Kuna njia ya kati?

Ipo, kwa bastola tu, na kwa nyumba isiyo na hali ya swali la 16. Nunua au chongesha kisanduku kidogo cha chuma, ukikaze kwenye fremu ya kitanda upande wako. Bastola ikae humo chemba ikiwa tupu na magazini ikiwa nje yake, ndani ya kisanduku cha pili chenye kufuli lake. Funguo zote mbili zikae shingoni au kiunoni mwako, zisiwe chini ya mto. Usiku uliokunywa pombe au dawa ya usingizi, bastola ibaki kwenye sanduku kubwa. Ukiwa na mgeni anayelala, vivyo hivyo. Ukisikia kishindo, sauti yako itangulie: ita majina ya watu wote wa nyumbani, ujue kila mmoja yuko wapi, kabla hujagusa kufuli. Asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, bastola irudi ndani ya sanduku kubwa na magazini mahali pake.